Maswali ya Wasomaji: Ukungu kwenye mirehani na nanaa za vyunguni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kibarazani nina vyungu sita vya mrehani, nanaa, giligilani na rozimari. Hii ni wiki ya tatu ya mvua mfululizo, na juu ya udongo wa karibu kila chungu pameota utando mweupe unaofanana na pamba. Majani ya mrehani nayo yanageuka manjano, na nikiyapindua naona vumbi la kijivu. Nimepunguza kumwagilia, nikaongeza na mbolea, lakini hali haibadiliki. Je, ninyunyize dawa? Na majani yaliyosalia yanaweza kuliwa?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuyapindua majani, kwa kuwa hapo ndipo jibu lilipo. Unachokiona juu ya udongo na unachokiona chini ya jani ni vitu viwili tofauti, wala havitibiwi kwa njia moja.

Ule utando mweupe ni kuvu inayojilisha mabaki ya mboji na majani makavu yaliyodondoka, na haishambulii mmea ulio hai. Kwangu mimi ni ishara tu kwamba udongo haupati nafasi ya kukauka. Kwangua tabaka la juu la sentimita 2 hivi, okota kila jani lililokufa, kisha tandaza mchanga wa chembe kubwa. Mwenye pumu na ajifunike pua anapofanya kazi hii.

Vumbi la chini ya jani la mrehani ndilo la kutia wasiwasi. Maelezo yako yanalingana na ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Peronospora belbahrii, ambacho, ingawa tumezoea kukiita ukungu, si kuvu halisi, kwani kina udugu wa karibu zaidi na mwani wa kahawia. Tazama jani kwenye mwanga: umanjano huwa katikati ya mishipa na hukomea kwenye mishipa mikubwa, kana kwamba umechorewa mpaka, na upande wa chini wa sehemu hiyo hiyo hufunikwa na unga wa kijivu unaoelekea zambarau. Wengi hudhani mmea una njaa, wakaongeza mbolea kama ulivyofanya. Matokeo yake ni majani mengi mororo, yaliyosongamana, yanayokaa na maji kwa muda mrefu zaidi.

Mrehani uliofikia hatua hiyo haufai kunyunyiziwa dawa, kwa sababu jani lililokwisha kuambukizwa haliponi, na sipendi kabisa kuona dawa ya kuua kuvu ikimwagwa juu ya majani yanayoelekea jikoni. Ung’oe, ufunge ndani ya mfuko, usiutupe kwenye lundo la mboji, na unawe mikono kabla ya kugusa mrehani mwingine. Ninajua inauma kung’oa mmea ulioulea tangu mbegu, lakini kila siku unayongoja, upepo unaupeleka unga ule kwenye mirehani iliyo mizima.

Kupunguza kumwagilia hakukusaidia kwa kuwa maji yanayoleta madhara yako juu ya majani na katika hewa iliyotuama baina yake. Sogeza vyungu mahali penye paa ambapo upepo unapita, uviachanishe kwa shibiri moja au zaidi, uviinue juu ya vipande vya matofali na uondoe visahani vya chini. Nanaa ipunguze kwa mkasi hadi uone udongo kati ya mashina. Ukimwagilia, iwe asubuhi, na maji yaende kwenye udongo peke yake. Kabla ya hapo chomeka kidole hadi kifundo cha pili: kikitoka na tope, acha. Rozimari hasa huhitaji subira hiyo, kwani mizizi yake huoza upesi kwenye udongo uliolowa.

Majani mazima ya mimea mingine yaoshe vizuri na uyatumie bila hofu. Yenye unga au madoa yanayooza yatupe.

Utakapotaka kupanda mrehani tena, tafuta aina zilizozalishwa ili zistahimili ugonjwa huu, kwa maana kimelea chake husafiri hata ndani ya mbegu. Tumia chungu kilichosuguliwa, na ungoje mvua zipungue.