Geti la kuslaidi likikwama katikati, usikimbilie kununua mota

Mkuu uliyeuliza kuhusu geti lako la Kigamboni: umesema lina miaka mitano, linafika katikati linasita, mota inanguruma, kisha geti linarudi lilikotoka, na fundi ameshakuambia mota imechoka utafute nyingine. Usinunue kwanza. Mimi nipo Mbweni, chumvi ya bahari tunaila sote, na mota yangu ya kwanza niliiua mwenyewe kwa ushauri wa namna hiyo hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Zima umeme wa mota, chukua ule ufunguo wake (kama mlinzi hajaupoteza), iachie ili gia isishike, halafu sukuma geti kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa mkono mmoja, siyo kwa bega. Geti zima, hata la chuma kizito la mita nne, likishaanza kutembea linajiendea lenyewe. Ukiona unalisukuma huku umekaza meno, au linakwenda vizuri halafu linagoma mahali pale pale kila mara, ugonjwa uko chini kwenye reli na magurudumu. Mota haina kosa.

Na huko kurudi lilikotoka ni mota kufanya kazi yake. Inapima nguvu inayotumia. Ikikutana na kizuizi inadhani imembana mtu, inarudisha geti. Mafundi wengine wakiitwa kwa tatizo hili wanafungua kava na kuongeza nguvu ya kusukuma kwenye bodi, ile sakiti inayoiongoza mota. Geti linapita, unalipa, unafurahi. Miezi michache baadaye gia za ndani zimelika, na kibaya zaidi, mtoto akibanwa pale geti halirudi tena. Kama wako alishaongeza, mwambie airudishe ilipokuwa.

Sasa kosa langu. Miaka ile geti lilipoanza kulia, nilimtuma kijana akanunue kopo la grisi tukaipaka reli yote, ncha hadi ncha. Wiki ya kwanza halikutoa hata sauti, nikajisifu mbele ya jirani. Kumbe nimeutegea mchanga mtego. Mchanga wetu wa pwani ni mwepesi, upepo ukivuma kidogo tu unaganda kwenye grisi, na grisi yenye mchanga ni msasa. Magurudumu yalilika mpaka mfereji wake ukawa umepinda upande mmoja. Reli inatakiwa ikae kavu na safi, basi. Mfagio mgumu mara moja kwa wiki, na msimu wa masika kila baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji yanaleta udongo na kokoto moja tu inatosha kulisimamisha geti. Grisi ni ya beringi, na kwenye beringi zilizofungwa pande zote hata huko haiingii. Zikianza kulia unabadilisha gurudumu. Badilisha yote mawili kwa pamoja, maana jipya na kuukuu hayalingani kimo, geti litaegemea upande.

Kwako wewe, kwa kuwa linagoma katikati, mimi ningeanza kuangalia pale tairi za gari zinapopita. Zege la chini ya reli likiwa jembamba linatitia taratibu hapo hapo, reli inafanya bonde, gurudumu linatumbukia na mota inalazimika kulipandisha mlima. Chukua uzi wa fundi mwashi, uvute juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho, utaona mwenyewe penye uwazi. Dawa yake ni kuvunja kipande hicho na kumwaga zege upya. Si kazi ya kupendeza, lakini kwangu fundi, zege na magurudumu mawili vyote kwa pamoja havikufika hata nusu ya bei ya mota.

Ukimleta fundi wa kuchomelea kwa ajili ya reli, CHOMOA mota kabisa kwanza, umeme na betri, kabla hajagusa geti. Umeme wa mashine ya kuchomelea ukipata njia ya kupitia kwenye bodi, bodi imekwenda. Hiyo ndiyo iliyonigharimu bodi ya pili. Fundi alisema "haina shida bosi," nami nikamwamini.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza lakini nitalisema hata kama nitaonekana mwoga. Nenda kaangalie stopa, kile chuma cha mwisho wa reli kinachozuia geti lisipitilize, na zile rola za juu zinazolishikilia lisimame wima. Kwangu stopa ilikuwa imeliwa na kutu kwa chini, kwa juu inang'aa rangi. Siku moja umeme umekatika, mlinzi akalisukuma kwa nguvu, stopa ikang'oka, geti likapitiliza rola za juu na kulala chini. Lilianguka barabarani kukiwa hakuna mtu. Dakika tano kabla watoto wa shule walikuwa wamepita hapo hapo. Geti la namna hii lina mamia ya kilo na halitoi onyo. Gonga stopa kwa nyundo, zote mbili. Ikitoa vumbi la kutu, ing'olewe iwekwe nyingine leo leo. Na watoto wasipewe ruhusa ya kulidandia linapotembea, hata kama wanalia.

Mengine ni madogo. Kati ya meno ya reki (kile chuma chenye meno kilichofungwa kwenye geti) na gia ya mota pawe na nafasi ndogo, kama unene wa kadi mbili za benki. Yakigandana, uzito wa geti unaikalia mota. Ndani ya kava la mota kuna joto zuri, kwa hiyo sisimizi na mijusi kafiri wanahamia. Mjusi mmoja akikauka juu ya bodi anaweza kuunguza kila kitu. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni na ufungue kava kila miezi mitatu minne. Betri zangu hukaa miaka miwili hadi mitatu. Ya volti 12 ikipumzika bila chaji ikasoma chini ya 12, huenda ndiyo sababu geti linakufa umeme ukikatika. Kutu unaikwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, unapaka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo rangi yenyewe. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuificha tu. Fanya hivyo wakati wa kiangazi, na usisahau ukingo wa chini wa geti, ule usioonekana mpaka uchuchumae.

Lisukume kwa mkono kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha rudi utuambie linagoma wapi. Kama ni pale tairi zinapopita, weka na picha ya reli ya karibu, gari likiwa nje.