Maabara ya anatomia: anza na mikono

Dadangu, umesema uko mwaka wa kwanza wa uuguzi, unakesha na kitabu, lakini kwenye mtihani wa maabara, ukisimama mbele ya mfupa uliochomekwa pini ya kuonyesha sehemu ya kutaja, jina linapotea, tena fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, inakuchoma macho. Pole sana. Mimi nilipitia hayo hayo.

Akili yako haina kasoro. Umesoma kwa macho, na mtihani ule unataka mikono. Mifupa 206 huiwezi kwa kukariri. Shika mfupa wa paja ukiwa umefumba macho: kichwa cha mviringo hutazama ndani, ule mstari unaokwaruza vidole huwa nyuma. Ukivijua hivyo viwili, kulia na kushoto hukosei.

Jumamosi pita soko la Marikiti ununue moyo wa ng'ombe, umwambie muuzaji asiupasue. Upasue mwenyewe nyumbani. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto utauona mnene, kwani husukuma damu mwili mzima. Wa kulia huifikisha mapafuni tu. Vuta zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali, yaani vilango vya moyo. Mchoro ulinisumbua wiki mbili, moyo ule ukanifunza kwa nusu saa. Kisha osha kisu na mikono kwa sabuni.

Fomalini usiichezee. Vaa glavu na miwani ya kinga, lenzi za macho acha nyumbani, simama karibu na dirisha. Kifua kikikubana, toka mara moja ukamuone daktari. Ukiwa na pumu au mimba, mwambie mwalimu kabla ya kipindi, usione haya.

Mtihani wenyewe ni lini?