Uliza Shangazi wa Biashara: Picha si yangu, gauni ni langu. Nimedanganya?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza magauni mtandaoni, niko Morogoro, mzigo nachukua Kariakoo. Picha natumiwa na muuzaji wa jumla, naye nadhani anazitoa kwenye kurasa za Wachina: mdada mrefu, studio, gauni linang'aa. Mteja wa Dodoma kanunua la 45,000. Lilipofika akasema kitambaa chepesi, rangi si ile, na kifuani halifungi. Anataka hela yake. Kwenye ukurasa wangu nimeandika wazi kabisa: "Mzigo ukishatoka haurudi." Wenzangu wote wanafanya hivi hivi. Kweli nimemdanganya, au yeye ndiye msumbufu?
Muuza Magauni, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mrudishie hela yake, na nauli ya basi ya kurudisha hilo gauni iwe juu yako. Hilo tulimalize kwanza.

Kwamba hukukusudia, naamini. Lakini huyo mama wa Dodoma alilipia gauni la kwenye picha, na gauni la kwenye picha hukuwa nalo. Pengine hujawahi hata kuliona. Mteja akija Mtaa wa Congo pale Kariakoo, unajua anavyonunua: anavuta mshono, anageuza ndani kuangalia pindo, anapitisha kiganja chini ya kitambaa aone kama kinaonyesha, analishikilia kifuani, anauliza bei, anaondoka, anarudi. Mtandaoni hayo yote hana, na bado umemwambia atume hela kwanza. Basi kazi ya mikono yake ni yako sasa. Wewe ndiye uvute mshono, wewe ndiye ugeuze ndani, kisha umwambie ulichokikuta, kizuri na kibaya.

Hilo tangazo la "haurudi" usilifanye ngao. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ipo tangu enzi za mkoloni, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kuisimamia. Mteja aliyebadili mawazo baada ya kupokea alichokiona, huyo mkatalie ukitaka, mradi alijua masharti yako kabla hajalipa. Aliyeletewa kitu kingine ana haki yake, na "wenzangu wote" hawatakuja kumjibu kwa niaba yako.

Sasa kazi yenyewe. Toa gauni moja la kila aina, lipige pasi, litundike karibu na dirisha saa nne asubuhi. Taa za dukani zinasema uongo kuliko wewe. Zambarau inageuka buluu, nyeupe inakuwa ya maziwa. Piga mbele, nyuma, ndani kwenye mshono, na moja ya karibu kabisa mpaka nyuzi zionekane. Usiweke urembo wa programu juu yake. Kisha chukua tepu ya fundi cherehani: kifua, kiuno, nyonga, urefu, vyote kwa inchi, uandike chini ya picha. Ile habari ya "linaingia saizi zote" iache. Nimeyaona magauni ya saizi zote ambayo hayapiti mabega ya mjukuu wangu wa darasa la sita.

Muuzaji wa jumla akikwambia ni pamba, usibishane naye, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu chenye harufu ya plastiki. Kama ni mchanganyiko utaona vyote viwili. Andika ulichokiona. Halafu lowesha kitambaa cheupe, usugue upande wa ndani, kikitoka na rangi, andika "linachuja, fua peke yake." Unaogopa hawatanunua? Vitenge vinavyochuja nimeviuza sana, nikisema vinachuja, na vinaisha. Watu hawakatai kitu chenye kasoro, wanakataa kushtukizwa.

Picha ya yule mdada ni kazi ya mtu mwingine, na kwa haki haikuwa yako kuitumia bila ruhusa. Kama gauni ni la kuagiza na bado liko China, liseme hivyo hivyo: liko China, litachukua muda gani, na likichelewa hela yake inarudi. Wengi mnaandika "lipo dukani" huku mnasubiri oda zifike kumi ndipo mkachukue mzigo. Mama wa watu amelipia la harusi ya Jumamosi, anakaa kusubiri.

Na bei, mwanangu. Sijaona hata kidogo kwenye ukurasa wako. "Bei njoo inboksi" maana yake mimi ninayeonekana na gari kwenye picha yangu naambiwa 60,000, na dada wa kazi anaambiwa 45,000, au kinyume chake akionekana hajui mji. Iandike. Anayetaka kupunguziwa atakuja kuomba, hiyo ni kawaida yetu na haina ubaya. Ubaya ni bei inayosubiri kuona sura ya mtu. Ukishaiandika, futa na lile la "zimebaki mbili tu" ambalo lipo pale tangu Ramadhani.

Jambo la mwisho kwako: fungua Lipa Namba yenye jina lile lile la ukurasa wako. Mteja anapolipa, jina linatokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Likitokea jina la kaka yako asiyemjua, ana haki ya kusita.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza iPhone zilizotumika, zinatoka Dubai. Nazisafisha, kioo kilichopasuka nabadilisha, naziweka kwenye boksi jipya. Nikisema kioo si cha asili, mteja anashusha laki nzima. Nikinyamaza analipa na anafurahi. Kuna ubaya gani kama simu inafanya kazi?
Fundi Simu, Mbeya

JIBU: Marahaba. Ukinyamaza wewe, simu itasema. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, zenye mfumo wa iOS 15.2 na kuendelea, mteja akiingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, atakuta imeandikwa kama kioo, betri au kamera vilibadilishwa, na kama si vya asili. Atakuta hilo jioni hiyo hiyo, pengine shemeji yake ndiye atakayemwonyesha, na kesho yake yuko mlangoni kwako na watu.

Hilo boksi jipya ndilo linaloniudhi zaidi. Kioo unaweza kusema hukuulizwa. Boksi umelitafuta, ukalilipia, ukalifunga plastiki, ili mtu aamini simu haijawahi kushikwa. Liache kabisa. Mwambie mteja abonyeze *#06# mbele yako, atume namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu hiyo, kwenda 15090 ajiridhishe kama si feki. Watu hawajasahau Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki.

Weka bei mbili waziwazi: yenye kioo cha asili na isiyo nacho, na asilimia ya betri pembeni. Laki unayoililia si yako. Mteja analipia kioo cha asili ambacho hukumpa.

SWALI: Shangazi, wateja wananisifia WhatsApp, nami napiga skrinishoti nabandika kwenye ukurasa. Kuna mmoja kakasirika, namba yake ilionekana. Si alinisifia mwenyewe?
Mpika Keki, Tanga

JIBU: Alikusifia wewe, hakuusifia umati. Futa leo na umwombe radhi. Namba ya simu ni taarifa ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Muulize mteja kwanza. Akikubali, ficha namba, jina na picha, na kama keki ilikuwa ya kumshtukiza mumewe, subiri sherehe ipite. Nimepitia na hizo nyingine ulizonitumia, mwanangu. Wateja watano wa mikoa mitano, na wote wanaandika "asantee" kwa e mbili na mioyo mitatu. Hizo nazo ondoa.