Taa ikififia, nani mwingine ameiona?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Mbeya. Ndoa yetu ina miaka 9. Mume wangu anauza pembejeo, ni mzee wa kanisa, na sisi ndio tunaoitwa kuwafundisha wachumba kabla hawajafunga ndoa. Watu husema, mkitaka kuona ndoa nendeni kwa wale.*

*Kwa miaka miwili sasa nimekuwa mtu wa kusahau. Funguo za duka langu zinapotea, zinakutwa kwenye ndoo ya unga. Mwezi wa nne fedha za kikoba, 350,000, zilikosekana, na mweka hazina nilikuwa mimi. Mume wangu akaja akazitoa kwenye mkoba wangu wa zamani mbele ya wanakikundi wote. Nikaachia nafasi kwa aibu. Ameshamwambia mama yangu na mchungaji kwamba kichwa changu hakiko sawa, na akikasirika anasema atanipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hajawahi kunipiga. Sasa anataka shamba la parachichi nililoachiwa na baba kule Rungwe liandikwe jina lake, maana mimi siaminiki tena.*

*Mwezi uliopita mdogo wangu anayesoma chuo alikuja na flash yenye filamu ya zamani, haina hata rangi, inaitwa Gaslight. Nililia nikashindwa kuimaliza. Mdogo wangu akaniambia kuna siku alimwona shemeji yake akitoa funguo zangu mfukoni na kuzitia kwenye ndoo. Nikamwambia ameona vibaya. Shangazi, je, filamu ndiyo imeniharibu akili? Nimwonyeshe mume wangu, labda atajirekebisha? Na nikisema, nani ataniamini?*

*Mama Wawili, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Baadhi ya mambo kwenye barua yako nimeyabadilisha ili mtu asikutambue. Najua umeiandika kwa simu ya mdogo wako kwa sababu yako inakaguliwa, na hilo peke yake lilinifanya nikae na barua hii muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Umesema filamu hukuimaliza. Basi nianzie hapo, maana ulichokikosa ndicho ulichokuwa unakihitaji.

Filamu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1944, ikiongozwa na George Cukor, ikitokana na tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton ya mwaka 1938. Ingrid Bergman, aliyecheza kama Paula, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi ile. Mwanzo umeuona: binti ambaye shangazi yake, mwimbaji mashuhuri, aliuawa katika nyumba yao London. Anapelekwa Italia, anakua, anakutana na Gregory, na baada ya wiki mbili tu wameoana. Gregory ndiye anayetaka warudi kuishi kwenye nyumba ile ile. Kisha vitu vinaanza kupotea. Anampa pini ya urembo ya kubandika kifuani, anamtania kwamba yeye ni msahaulifu, na pini haionekani tena. Picha inatoka ukutani, anaulizwa ameificha wapi. Wakienda kwenye muziki nyumbani kwa watu wakubwa, Gregory anaona saa yake haipo na anaikuta ndani ya mkoba wa mkewe, watu wote wakiangalia. Nadhani hapo ndipo ulipoanza kulia. Mkoba wa Paula na mkoba wako wa zamani.

Na kila usiku mume akiisha kuondoka, taa zinafifia. Zile zilikuwa taa za gesi, nyumba nzima ikitumia bomba moja. Mtu akiwasha taa chumba kingine, za huku zinapungua mwanga, kama balbu yako inavyofifia jirani akiwasha mashine ya kuchomelea. Paula anaona mwanga unashuka, anasikia nyayo darini, anauliza waliomo ndani ya nyumba, na hakuna anayeona wala kusikia kitu. Kwa hiyo anakubali kwamba anaumwa.

Sehemu uliyoikosa ni hii. Siku moja anaingia mpelelezi wa polisi, Cameron. Wamekaa wanaongea, taa inafifia. Naye anaiona. Hafanyi jambo kubwa, hatoi bastola, hamwokoi mtu dirishani. Anasema tu kwamba taa imeshuka. Tazama uso wa Bergman hapo. Mwanamke yule anafufuka mbele ya macho yako kwa sababu mtu wa pili ameona alichokiona yeye. Mengine yote yanafuata kirahisi: mume alikuwa anazunguka na kupitia juu ya paa kuingia darini kwake mwenyewe kutafuta vito vya marehemu, na ndiye aliyemuua. Kutokana na jina la filamu hiyo Waingereza na Wamarekani wakapata neno "gaslighting", yaani kumghilibu mtu mpaka ayatilie shaka macho yake mwenyewe, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka.

Sasa rudi kwenye barua yako. Mdogo wako alimwona shemeji yake akitoa funguo mfukoni na kuzitia kwenye ndoo ya unga. Mwanangu, hiyo ndiyo taa. Mtu wa pili ameiona ikififia, akakwambia kwa mdomo wake, nawe ukamjibu ameona vibaya. Ulimjibu maneno yale yale unayoambiwa wewe. Sikulaumu hata kidogo. Aliyeambiwa miaka miwili kwamba macho yake ni mabovu huanza kuyaogopa na macho ya wenzake. Lakini jambo hilo uliliandika haraka haraka, ukakimbilia kuniuliza kama filamu imekuharibu akili, na mimi siwezi kulipita.

Filamu haijakuharibu akili. Ila nayo usiifanye hakimu. Gregory ni mwuaji aliyeandikwa na mtu, na mumeo ni mtu ninayemjua kwa upande mmoja tu wa barua. Mtu akiumia hujiona kwenye kila hadithi inayofanana na yake, na kufanana si ushahidi. Ushahidi unao mwingine: mdogo wako, zile fedha zilizopatikana na mtu ambaye hakuwa akizitafuta, na shamba.

Shamba ndilo linaloninyima usingizi. Mtu akikuhurumia kwa ugonjwa anakupeleka hospitali. Wako ana miaka miwili anakutangaza mgonjwa kwa mama yako na kwa mchungaji, na katika barua yote hakuna mahali aliposema twende kwa daktari, zaidi ya kukutishia Mirembe kama fimbo. Alichotaka kwa haraka ni jina libadilike. Parachichi za Rungwe sasa hivi kila mtu anajua zinalipa. Usisaini karatasi yoyote, hata ya ukurasa mmoja, hata ukiambiwa ni ya pembejeo au ya mkopo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haihamishi mali ya mke kwenda kwa mume eti kwa sababu wameoana. Ulichorithi kwa baba yako kinabaki chako mpaka wewe mwenyewe ukitoe. Barua za mirathi, kitambulisho chako cha NIDA na vyeti vya watoto, viondoe hapo nyumbani kidogo kidogo au angalau nakala zake, vikae kwa mtu ambaye mumeo hana ufunguo wa kwake.

Umeandika "hajawahi kunipiga" kana kwamba unamtetea. Nimelisikia neno hilo kwa wanawake wengi tangu nianze safu hii. Sheria hiyo hiyo, inapotaja mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, inataja ukatili wa mwili na wa akili kwa pamoja. Sikuambii uvunje ndoa. Nakuambia kwamba unachokieleza kina jina hata kama huna kovu.

Kumwonyesha filamu, hapana. Kama hana hatia, utakuwa umemwita mwuaji sebuleni kwake. Kama anayo, utakuwa umemwonyesha kila unachokijua kabla hujajipanga, na ndoo ya unga itabadilishwa iwe kitu kingine usichokijua. Flash irudi kwa mdogo wako.

Badala yake nunua daftari la kawaida la shule, likae dukani katikati ya madaftari unayouza. Andika tarehe, saa, kitu ulichoweka, ulipokiweka, kilipopatikana, nani alikipata. Usiandike hisia, andika vitu. Baada ya wiki chache litakusaidia kwa njia moja kati ya mbili. Kama ni kweli unasahau, utaona unasahau na dukani pia, na mapishi, na chenji za wateja. Kama vinavyopotea ni vile tu ambavyo mume wako ndiye huvipata, utaliona hilo pia kwa mwandiko wako mwenyewe.

Na hospitali uende, kwa sababu ni haki yako kujua. Kukosa usingizi, upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, vyote vinaweza kumfanya mtu asahau, na vingi vina dawa. Ila usiende naye. Mume akiwa ndiye anayemsimulia daktari habari zako, daktari anatibu hadithi ya mume. Nenda na mdogo wako, ueleze mwenyewe, na cheti utakachopewa ukitunze pamoja na zile nakala.

Nani atakuamini? Hili ni gumu na sitakudanganya. Wanaowaona mbele ya madhabahu mkiwa na sare za kitenge wana sababu ya kutotaka kusikia: wachumba mliowafundisha, mchungaji aliyewachagua, mama yako anayejivunia mkwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda chenu kimetandikwa vizuri mno. Huku kwetu nyanda za juu pia tuna desturi ya kufunga milango mapema. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikishika, saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani na moto wake, na jirani hasikii kitu.

Nitakuambia jambo ambalo si rahisi kwangu. Dada yangu mkubwa aliolewa Tukuyu na mwanamume ambaye sisi sote tulimpenda. Alikuwa akija nyumbani Iringa na ndizi, mchele wa Kyela, anacheka na baba. Dada alituambia mara mbili kwamba nyumbani kwake mambo hayaeleweki, kwamba anaambiwa amesema asiyoyasema. Mimi nilikuwa kijana mwenye elimu, nikamwambia, "Dada, labda umechoka, vumilia." Aliishi hivyo miaka 14. Alipotoka hatimaye hakuwa na uhakika hata wa siku yake ya kuzaliwa, mpaka amuulize mama. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kwa hiyo usianze na watu kumi. Hutafuti kanisa zima likuamini. Anza na huyo mmoja aliyekwisha kuona. Wa pili awe mtu asiyekula meza moja na mume wako: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au msaidizi wa kisheria wa kata. Siku utakayoogopa usalama wako au wa watoto, usisubiri daftari lijae. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hulazimiki kwenda na alama ya kipigo ndipo usikilizwe. Mchungaji mwache kwanza. Si kwamba ni mtu mbaya. Ameshasimuliwa habari zako kabla hujafika, na ukienda mikono mitupu atakuombea upone.

Mama yako je? Mwendee baada ya hospitali, ukiwa na cheti mkononi. Mama akiogopa kwamba mwanawe anarukwa na akili husikiliza zaidi karatasi ya daktari kuliko machozi, na yako ameshayaona.

Wanakikundi wa kikoba nao, wakati ukifika, wadai wafungue kitabu. Uliandika fedha zile zilipoingia, na nani alikuwapo nyumbani siku hiyo. Aibu ile si yako mpaka hesabu iseme hivyo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi hii funga duka mapema, mfuate mdogo wako hosteli kwake, msiongelee nyumbani. Mwombe msamaha kwa kumwambia ameona vibaya. Kisha mwambie akusimulie tena habari ya funguo na ndoo ya unga, siku gani, saa ngapi, shemeji alikuwa amevaa nini, tangu mwanzo, na safari hii usimkatize.