Mbwa wa ndani avae kola au avuliwe? Yote mawili yamenikuta

Mkuu swali lako hili lishawahi kunikosanisha na watu wa kwangu kwahiyo nakujibu kwa kirefu, vumilia. Kwa mliofika saivi: jamaa ana mbwa wawili wanaoshinda ndani, mmoja mkubwa na mwingine mtoto wa miezi mitano, usiku huyo mtoto analala kwenye keji. Shemeji anataka wavae kola saa zote ili wakichomoka mlangoni wajulikane wana mwenyewe, jamaa anataka wavuliwe maana kasikia mbwa anaweza kujinyonga nayo. Anauliza nani yuko sahihi. Mi nasema wote, na wala sikwepi ugomvi, ni kwamba hofu ya shemeji imenikuta na hofu yako imenikuta, nyumba moja, mbwa walewale.

Wangu ni Bosi, dume, na Popi, jike, kamzidi kidogo tu mwili. Wamekua pamoja na mchezo wao ni ule wa mbwa wote, mmoja analala chali mwingine anamtafuna tafuna mashavu na shingo, wanabadilishana. Nimeangalia huo mchezo miaka nacheka. Siku hiyo niko chumba kingine nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwao, sio wa ugomvi, ni kama mbwa analia huku kazibwa mdomo, na kucha zinakwaruza sakafu. Natoka nakuta taya la chini la Bosi limepenya chini ya kola ya Popi, chonge zimenasa kwa ndani ya mkanda. Alipoona hatoki akaingiwa na hofu akajizungusha, na alivyojizungusha kola ikajisokota kama mtu anavyokamua nguo aliyofua. Kila akijivuta atoke ndo anazidi kumkaba mwenzie. Popi macho yamemtoka, ulimi ushaanza kuwa zambarau, na alikuwa kimya kabisa. Ule mlio wote niliousikia ulikuwa wa Bosi.

Hapa soma polepole. Cha kwanza nilichofanya ni kosa, niliwavuta kuwatenganisha, mikono inafanya yenyewe kabla hujafikiri, na nikawa namsaidia Bosi kumnyonga Popi. Cha pili nikaitafuta klipu, zile za plastiki za kubonyeza kote kote kama za mkanda wa begi. Klipu hiyo ukiishika mkononi inafunguka kwa vidole viwili, lakini sasa imevutwa na mbwa wawili wa kilo 20 na kitu kila mmoja, imezama kwenye manyoya, iko chini ya taya, mate kila mahali vidole vinateleza, aisee haibonyezeki. Aliyetuokoa ni mdogo wangu, alimbeba Bosi mzima mzima akamsogeza KWA Popi badala ya kumtoa, akampindua kurudi kinyume na upande aliojizungushia, mkanda ukalegea kidogo tu, nikapitisha kisu cha jikoni kati ya shingo na mkanda, makali yanaangalia nje, nikakata. Mdogo wangu anasema haikufika dakika mbili. Mi ukiniuliza nitakwambia nusu saa.

Popi akakaa, akakohoa, akanywa maji, mkia ukaanza kutingishika, nikajua yamekwisha. Nikampigia dokta wa wanyama kama kumpa habari tu, akanikatisha, mlete sasa hivi. Kumbe mbwa aliyekabwa anaweza kuamka akaonekana mzima halafu baada ya masaa mapafu yakaanza kujaa maji, anahema kwa shida, na unaweza kumpoteza usiku wakati umeshalala na furaha yako. Popi alikaa pale chini ya uangalizi mpaka usiku mwingi, sauti ilimkauka siku kadhaa lakini alipona. Kwahiyo wewe na mwingine yeyote, mbwa akikabwa mpaka ulimi ubadilike rangi, mpeleke tu hata kama anakurukia kwa furaha.

Baada ya hapo nikawa mhubiri. Nilianza kuiangalia nyumba nikiwa nawaza ni kitu gani kinaweza kushika mkanda, ukianza hivyo huachi. Mikono ya makabati, pembe ya kitanda cha chuma, matundu ya kupitisha hewa sakafuni, ufito wa kiti. Na keji ndo mbaya kuliko vyote maana ni nyaya tupu, mbwa anajigeuza usingizini au anaruka kukusalimia, kile kibati cha jina kinachoning'inia kinapenya kati ya nyaya kinajipinda, basi kashikwa, na anavyopapatika anazidi kukaba. Watu wanalaumu mkanda, ila mara nyingi kibati na ile pete yake ndo ndoano. Wakiwa wawili, taya la mwenzie ndo ndoano. Na mbwa mmoja mtulivu aliyelala kwenye kapeti miguuni kwako na kola yake hana ndoano, nakubali, hatari yake ni ndogo mno, ila kwako mkuu wako wawili na mmoja ni mtoto.

Na kuna hili la ngozi ambalo halina drama ndo maana hakuna anayelisema. Mkanda unaokaa saa 24 unashika unyevu, hasa mbwa akioga au akinywa maji kwa fujo kama Bosi anavyolowesha kifua chote, chini yake pakawa na joto na maji, ngozi inachubuka, inanuka, anajikuna na mguu wa nyuma anazidi kuitoboa. Wa manyoya marefu wanasokotana manyoya. Na huyo wako wa miezi mitano bado anakua, mkanda uliomtosha mwezi uliopita saivi unaweza kuwa unambana, wapo wanaosahau mpaka unaingia kwenye nyama, inabidi akatwe na kushonwa. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo bila kulazimisha, na kwa mtoto pima kila wiki. Lakini usilegeze kupita hapo ukidhani unampa nafasi, ikilegea sana ndo taya na mguu wa mbele vinaingia vizuri zaidi.

Kwahiyo nikavua zote. Ndani hakuna kola, marufuku, hata mgeni akija na mbwa wake namwambia avue. Nikaishi hivyo kama miezi minane na nikajiona nimemaliza.

Halafu akaja fundi. Anaingia anatoka na vyombo vyake, mlango unaegeshwa tu, Popi akapita. Mpaka tunashtuka sijui ni dakika ngapi. Siku mbili mkuu, siku mbili nazunguka naita. Nilikuja kujua baadaye kwamba saa ileile ya kwanza kuna mtu alimuona, akampa maji, akamuangalia shingoni hakuna kitu, akasema huyu hana mwenyewe, akamchukua akakae naye. Mtu mwema tu. Angekuwa na mkanda wenye namba ya simu ningepigiwa kabla hata sijajua kapotea. Mbwa anaweza kuwa msafi, kanenepa, manyoya yanang'aa, lakini shingo ikiwa tupu watu wanaamini shingo.

Utasema si ana chipu. Anayo! Na yule mtu siku ya pili alimpeleka kwa dokta, wakampitishia ile mashine ya kusomea, namba 15 zikatokea vizuri, wakapiga simu iliyoandikishwa, haipatikani. Laini niliitupa zamani, na sikuwahi kwenda kubadilisha. Nilimpata kwa sababu jirani alimuona akitolewa kwenye gari akamtambua kwa mwendo, yaani bahati.

Maana naona kwenye uzi wako mtu kakujibu "weka chipu tu utamuona kwenye simu". Hapana bana. Chipu ni kidude kama punje ya mchele chini ya ngozi kati ya mabega, haina betri, haijui yuko wapi, haitumi chochote mpaka mtu asogeze mashine karibu kabisa na ngozi, na hapo inatoa namba basi. Jina lako na simu yako viko kwenye daftari la waliosajili, na vikiwa vya zamani kule unakuwa na namba 15 zisizo na maana. Cha kukuonyesha kwenye simu ni kifaa cha GPS, na hicho kinafungwa wapi? Kwenye kola. Tumerudi palepale.

Saivi nyumbani tunaishi hivi. Keji, hakuna kitu shingoni kabisa, hata cha kitambaa. Nikitoka wakabaki wawili peke yao, hakuna kitu. Wakianza mchezo wa shingo na mimi nipo, navua kwanza ndo wanaendelea, na wameshajua, Bosi anakuja mwenyewe kunyoosha shingo halafu anamrukia mwenzie. Ila siku ya wageni, siku ya fundi, siku ya kuhamisha vitu, siku yoyote mlango utafunguka mara nyingi, wanavaa toka asubuhi na sitaki mjadala. Kola zinaning'inia msumarini pale pale mlangoni kwa urefu wa mkono, maana kola iliyoko kabatini ni sawa na hakuna.

Kibati kinachoning'inia nilikitoa. Jina na namba ya simu nimeshonesha kwenye mkanda wenyewe kwa uzi mnene, kuna na vile vya bapa vinavyogongomelewa kwenye mkanda vinalala nao. Ziko pia kola za kufyatuka, ikivutwa kwa nguvu inaachia yenyewe, na kama lazima mbwa wako avae ndani muda wote basi iwe hiyo. Zina pete mbili kwa makusudi, ukitoka nje unapitisha ndoano ya kamba kwenye zote mbili ili isiachie ukiwa barabarani. Ukisahau ukashika moja, mbwa akivuta tu unabaki na kamba mkononi. Na mbwa mdogo sana uzito wake unaweza usitoshe kuifyatua, ijaribu kwa mkono kabla hujaiamini.

Mnyororo wa kukaba, wenye miba, wa umeme, hivyo visibaki shingoni ndani hata dakika moja ambayo humuangalii. Nisiongeze neno. Na hanesi, ile mikanda ya kuzunguka kifua na mabega, watu wanaitaja kama jibu, nje ni nzuri, hata utafiti wa 2006 ulionyesha mbwa akivuta kwa kola presha ya macho inapanda na akivuta kwa hanesi haipandi, kwahiyo mwenye shida ya macho au koo au wale wa pua bapa wampe hanesi. Lakini hiyo ni habari ya kuvuta kamba. Ndani ya nyumba hanesi ni mikanda mingi zaidi ya kunasa, na inachubua kwapa.

Kitu kingine shemeji atakiuliza, nitamshikaje nikihitaji kumshika? Swali zuri, ndo mana wengi wanaiacha kola. Mtoto huyo mfundishe kuja na kukaa ukimgusa shingo na kifua, unagusa unampa kitu kitamu, unagusa unampa, wiki mbili tu. Ukizoea kumkwapua kwa kola kila akikosea ataanza kuukwepa mkono, na wengine wanageuka wanauma.

Ila kuna wasiotakiwa kuvuliwa haraka. Mbwa mgeni aliyefika wiki hii, hajui jina wala nyumba, huyo akichomoka anakimbia tu bila kujua anarudi wapi, mvalishe mwezi wa kwanza na ukae naye karibu. Asiyesikia au asiyeona pia, wa kufyatuka unamfaa.

Sasa kwenu, kwa ulivyoeleza: mtoto akiingia keji usiku wa leo, vua. Mchana mkiwepo na mlango wenu una fujo, mpeni shemeji haki yake, wavae zilizoshonwa namba, zisizo na kibati, na mkubwa akianza kumtafuna mdogo shingoni mnavua. Mkitoka wote, mnavua. Kisha mpigie aliyewawekea chipu umuulize ni namba gani ya simu imeandikwa pale, usijiambie unaikumbuka, hata mi nilikuwa naikumbuka.