Usiichukie chipsi, jifunze kuila

Juzi usiku msomaji kaniandikia inbox, "Dada, niko siku ya nne ya diet ya matango, leo nimeshindwa, nimekula chipsi mayai sahani mbili na sasa hivi nalia." Nimeumia kweli kweli maana hayo machozi nayajua.

Mi nimekua naitwa bonge. Kuna ndugu yangu kwenye shughuli aliwahi kuninyang'anya sahani ya pilau mbele za watu, akasema huyu atamuoa nani, watu wakacheka, na mpaka leo nikisikia harufu ya pilau la shughuli kuna kitu kinanikaba kooni. Toka hapo nikawa mtu wa kula kwa kujificha, mchana mbele za watu kipande cha tikiti na maji, usiku nimejifungia chumbani na chipsi, simu mkononi naperuzi Insta, nakuja kushtuka mfuko mtupu na ladha yenyewe siikumbuki. Diet zote nimepita, za mayai, za limao na tangawizi, na kila nikiacha kilo zinarudi.

Kilichonibadilisha ni Ramadhani. Nyumbani Tanga ikiadhiniwa tu watu wanavamia futari, uji, magimbi, mihogo ya nazi, tambi, yani vyote kwa pamoja. Mwaka ule nikafungua kwa tende moja, nikaila taratibu, naisikia ile ngozi yake inavyoachia, utamu unavyokuja, mpaka kokwa likabaki tupu, alafu nikaenda kuswali kwanza. Niliporudi mkekani ile pupa haipo kabisa, nikala kidogo nikatosheka, na nilifurahi jamani! Baadae nikaja kusoma kwamba mtaalamu mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo yake ya utulivu kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na zoezi mojawapo ni kula zabibu kavu moja kwa umakini. Na sisi Waislamu tumeshafundishwa tumbo theluthi chakula, theluthi maji, theluthi pumzi.

Mwili wenyewe ndo ulivyo. Ukianza kula, taarifa ya kushiba inachukua kama dakika 20 hivi kufika vizuri kwenye ubongo, sasa wewe sahani umeimaliza kwa dakika tano utajuaje umeshiba? Lazima uongeze.

Kwahiyo mdogo wangu, chipsi kula. Ila zitoe kwenye mfuko uziweke kwenye sahani, kaa chini, simu iache chumba kingine, tafuna, na kabla hujaongeza tulia kidogo usikilize tumbo. Na jiulize hii ni njaa au ni hasira, maana mi nilikuwa nakula maneno ya watu, na maneno hayashibishi hata ukila sufuria zima. Simu weka mbali, hilo narudia.

Na wazazi, nawaomba sana, acheni kumhesabia mtoto matonge mbele ya wageni. Mnadhani mnamsaidia apungue, kumbe mnamfundisha kula gizani. Kama ana uzito mkubwa mpikie mboga za kutosha, kula nae, muongee taratibu mkiwa wawili.

Alafu kama umefika hatua unakula kisha unajitapisha, hapo usisubiri ushauri wangu. Nenda hospitali umwambie daktari yote, bila kuficha.