Wazee Wakikuuliza Ukoo Wetu

Mwanangu mpenzi,

Nimeupata ujumbe wako. Unasema wazee wa Murang'a walikuuliza kazi yako, wakakuuliza habari za marehemu baba yako, kisha wakataka kujua ukoo wenu unatoka wapi, na hapo ukanyamaza. Sasa unaniuliza mimi: "Mama, upande wako ni watu wa wapi hasa? Mbona kila mtu nyumbani ana jibu lake?" Umefanya vizuri kuuliza kabla hujarudi kwao na posa.

Sisi ni watu wa Frere Town. Baba wa babu yangu, ambaye mimi ni kitukuu chake na wewe ni kilembwe chake, alishushwa pale akiwa mtoto. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri na manowari za Waingereza zikawa zinayasaka. Watoto waliookolewa hawakuwa na njia ya kurudi makwao, kwani njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya misafara iliyowaleta pwani. Mwaka 1875 misheni ya CMS, ya kanisa la Kianglikana la Uingereza, ikaanzisha kijiji chao upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kikaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshinikiza mkataba ule. Kengele ile ya Kengeleni unayoipita ukienda Nyali ni yao. Ilipigwa kuwatahadharisha watu pale wenye watumwa walipotishia kuja kuwachukua.

Hayo yamo vitabuni. Ya kwetu nimeyatafuta kwenye karatasi tangu nilipostaafu. Nilianza na babu yangu, kwa sababu yeye aliacha kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kukibeba, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kijibati. Kiliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Nikikishika kile kipande hasira hunipanda, maana kilitengenezwa ili mtu asiweze kumkimbia mwajiri wake. Na bado ndicho kilichonipa jina kamili la baba yake, na kwa jina hilo nikaweza kwenda kwenye madaftari ya kanisa.

Kwenye kipande kabila la babu ni "Swahili". Kwenye daftari la ubatizo, baba yake ameandikwa "Mnyasa". Binamu yako amelishika hilo la pili na sasa anatangaza kwenye kila mazishi kwamba sisi ni Wanyasa. Mimi sikubali. Mombasa ya siku zile, Mnyasa aliweza kuwa mtu yeyote aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, awe Myao, awe Mmang'anja, awe mwingine kabisa. Aliyeandika alikuwa anamsikiliza mtoto kupitia mkalimani, na umri wenyewe umeandikwa kwa kukadiria. Karani wa kipande naye alitakiwa ajaze kabila kwa kila mtu, akajaza. Karatasi mbili zinapopingana hivi, mwanangu, siwezi kuchagua ile inayonifurahisha.

Kilichonisaidia zaidi ni mashahidi. Madaftari yale yamejaa akina Juma, Feruzi, Mabruki na Baraka, na wakibatizwa wanageuka akina George na David, kwa hiyo ukifuata jina peke yake utajikuta umeingia ukoo wa watu wengine. Nikawa nasoma majina yaliyo pembeni. Katika ndoa ya baba wa babu yangu, safu ya jina la baba imeachwa wazi, lakini shahidi wa kwanza ni kijana aliyebatizwa siku moja naye. Kijana huyo anatokea tena kama baba wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza, na wa pili. Alipooa yeye, shahidi ni baba wa babu yangu. Kijana huyo ndiye mzee wa kwanza wa familia tunayoiita watu wa kwa seremala. Unakumbuka bibi alivyokuwa mkali tukitania kwamba mmoja wetu ataolewa kule? Alituambia hatuoani nao, ni ndugu, na hakueleza zaidi. Watoto wawili wasio na baba wala mama walifanyana ndugu, na vizazi vyote vilivyofuata vikaheshimu.

Mke wa baba wa babu yangu alinisumbua sana. Wanawake hawakupewa kipande, na kodi ya nyumba iliandikwa kwa jina la mume, kwa hiyo nje ya kanisa ni kama hawakuishi. Yeye alizaliwa Rabai, karibu na Mombasa, kwa wazazi watoro, yaani watumwa waliotoroka na kukimbilia misheni. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alitoa hati za uhuru pale Rabai kwa watoro zaidi ya 1,400, baada ya kuwalipa fidia waliodai kuwamiliki. Jina la mama yake nimelipata. Jina la baba lipo, ila wino umeliwa na unyevu, nami sitalikisia.

Kwa hiyo wazee wakikuuliza, waambie hivi: upande wa mama ni watu wa Frere Town na Rabai, walioletwa kwa nguvu na waliojikomboa kwa miguu yao, na wapo pale kwa vizazi vitano. Usitaje kabila la kubahatisha ili kikao kiende haraka. Wakitaka kujua jamaa zetu ni akina nani, wataje watu wa kwa seremala bila kusita.

Nimeshazungumza na mjomba wako wa kwa seremala. Amekubali kwenda nanyi Murang'a na ataketi na wajomba zako. Nipe tarehe mapema, maana goti linamsumbua na hawezi basi la usiku. Nataka nimkatie treni ya asubuhi.

Mama yako